Valvu Inayofungwa Kushoto

Saa kumi na mbili kasoro robo, asubuhi. Mwanamume wa miaka hamsini na minane amepiga magoti ukingoni mwa barabara ya vumbi, kati ya duka la madaftari na karakana ya seremala. Anakwangua udongo kwa kipande cha bati mpaka kinatokea kifuniko cha chuma, kipana kama sahani. Anakifunua. Anateremsha ndani chuma kirefu chenye mshikio uliokingama juu, na kabla hajazungusha chochote analaza sikio kwenye mshikio ule, kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa.

Nyuma yake amesimama mkewe, futi ya kushonea imemning'inia shingoni, simu mkononi.

"Nikuandikie kulia?" anauliza mke.

"Usiandike bado."

Anajaribu kushoto, kidogo tu. Anarudisha, anazungusha kulia mpaka mwisho, akihesabu. Anasikiliza tena. Chini kule maji yananguruma, halafu yananguruma kidogo, halafu kimya.

"Hii inafungwa kulia. Mizunguko kumi na mmoja. Lete simu, naandika mwenyewe."

Anaandika kwa kidole kimoja, polepole, kama anayetoa mwiba. Simu ni ya mke, lakini jina linaloingia ni la mume. Akimaliza anauliza, "Hii yangu ya ngapi?"

"Ya saba."

"Na zako?"

"Ishirini na nane, baba watoto. Hazijapungua tangu jana."

Mume anasonya. Kifuniko anakirudisha kwa kishindo kikubwa kuliko kinavyostahili.

Mtaani wanamwita Bwana Zamu. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye anayefungua na kufunga maji ya mitaa sita, kwa zamu, kwa kuwa maji hayatoshi wote kwa wakati mmoja. Chini ya barabara hizo kuna koki kubwa arobaini na moja, ambazo mafundi huziita valvu. Nyingi hazionekani. Barabara imejazwa kifusi mara mbili, watu wamejenga vibanda, majani yameota. Atakayekuja na chuma chake bila kujua pa kuchimba atachimba mpaka jioni.

Yeye hachimbi mpaka jioni. "Nahesabu hatua zangu," anasema. "Toka kona ya ukuta wa zahanati, hatua kumi na moja, nageukia mnazi uliokatwa, hatua nne. Papo hapo. Kabati langu ni hiki kichwa."

Mshahara wake ni laki tatu na ushee kwa mwezi. Baiskeli anayozungukia ni yake mwenyewe, na tairi akipasukiwa analiziba mwenyewe. Magoti yote mawili yana sugu kwa kupiga magoti barabarani, na sugu hizo, anasema kwa utani, Mungu atamhesabia kama za sala.

Lakini kazi ile ilikuwa na malipo mengine, yasiyopita dirishani kwa mhasibu. Akipita na baiskeli, watu walisimama. "Bwana Zamu, shikamoo! Kwetu lini?" Wenye nyumba za kupangisha walimwita ndani. Kinyozi alimnyoa bila kumpanga foleni. Wanawake wenye ndoo walimtania wakimwita shemeji, apate kulainika afungue saa moja mapema.

"Nilipenda," anakiri. "Nisiseme uongo. Nilipenda sana kuulizwa."

Fundi mkongwe aliyempokea kazini, ambaye sasa ni marehemu, alimwachia usia mmoja. Alimwambia: ukimfundisha mtu kazi ya maji mpe nusu, nusu nyingine ndiyo inayokuweka kazini. Bwana Zamu aliushika usia ule kuliko alivyoshika mengi aliyofundishwa utotoni.

Sasa tumtazame mke.

Yeye ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, chumba chenye dirisha moja, meza ya kukatia, na msumari mmoja ukutani ambapo mumewe hutundika kofia yake ya kazi akirudi. Ni mtu wa vipimo. Haamini neno "kama hivi" wala "karibu na pale." Mteja akimwambia sketi iwe ndefu kidogo, humuuliza kidogo ya vidole vingapi.

Miaka mitatu iliyopita mumewe alilazwa na homa siku tisa. Mitaa miwili ikakauka, maana aliyetumwa kumshikia kazi hakujua valvu zilipo. Siku ya tano wanawake walijaa mlangoni kwa fundi cherehani, kila mmoja na ndoo tupu.

"Shemeji, muulize mumeo amezifukia wapi!" mmoja alisema.

"Mgonjwa hajitambui, nimuulizeje?"

"Basi mpekue mifuko!"

Alikwenda hospitali, akainama kitandani, akamuuliza. Mumewe, macho yamefumba, akamjibu: hatua kumi na moja, mnazi, hatua nne. Mke akaenda akahesabu hatua kumi na moja na nne zake. Hakukuta kitu, maana miguu ya mumewe ni mirefu na yake ni mifupi. Alisimama pale juani huku wenzake wakimtazama, akapiga moyo konde na kusema: siku moja nitavipima vitu hivi kwa futi.

Siku hiyo ilikuja mwaka jana. Mamlaka ya maji iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mhandisi, kijana mtanashati mwenye sauti ya upole, alieleza kwamba ramani ya mabomba, iliyokuwa imefungiwa kwenye kabati la chuma na nusu yake imeliwa na mchwa, sasa imetiwa kwenye kompyuta na kuwekwa hadharani. Mwenye simu yoyote ataiona. Akijua valvu isiyokuwemo, ataiongeza. Akiona kosa, atalisahihisha na kuandika sababu, na sababu hiyo itasomwa na kila mtu. Hata mfumo wenyewe, yaani yale maelekezo yanayoiendesha ramani ndani ya kompyuta, umeachwa wazi, ili wajuzi popote walipo waupekue, waurekebishe, wautumie na kwao bila malipo.

"Maji ni ya wote," alisema mhandisi. "Na ujuzi wa maji uwe wa wote."

Bwana Zamu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, mikono kifuani. "Nilisikia kama mtu ananiambia nimvulie shati hadharani," anasema. Walipoombwa wa kujitolea hakunyoosha mkono. Upande wa wanawake mkono mmoja ulinyooka, na alipogeuka kutazama ni wa nani, akaona futi ya kushonea imening'inia shingoni.

Mke hakumwibia mtu, na hilo amelirudia mara kadhaa katika mazungumzo yetu kwa ajili ya gazeti hili. Alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kusikiliza. Mumewe akila chakula husimulia: leo ile ya njia panda imenitoa jasho, mizunguko kumi na minne. Mke alikuwa ameyaweka yote kichwani, kama anavyoweka vipimo vya viuno vya watoto wa watu. Alichofanya ni kwenda mahali penyewe, kupima toka kona ya ukuta hadi kifuniko, na kuandika mita na sentimita badala ya hatua.

Kwa miezi mitano aliandika valvu ishirini na nane. Jina lake likawa la kwanza katika orodha ya wachangiaji. Watu wakaacha kumwita fundi, wakamwita Mama Ramani.

Mwanafunzi mmoja wa chuo, asiyemjua hata kwa sura, aliichukua ramani ile na ratiba ya zamu, akatengeneza programu inayotuma ujumbe kwenye simu: maji yanafunguliwa kwenu kesho saa tatu. Akaitoa bure. Mtaa ukafurahi.

Bwana Zamu akapita na baiskeli, na hakuna aliyemsimamisha. Waliokuwa wakimuuliza "kwetu lini" walikuwa wameinamia simu zao.

"Siku ya kwanza nilidhani hawajaniona," anasema.

Kwa kinyozi ndiko alikochomwa msumari. Alikwenda kunyolewa, akaambiwa asubiri, kuna watu watatu mbele. "Bwana Zamu," kinyozi akasema, mkasi ukilia, "nasikia siku hizi zamu iko kwa shemeji. Wewe unashika chuma tu."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Nywele hakunyoa.

Nyumbani mambo yalizidi. Asubuhi simu ya mke ikilia, sauti ya mhandisi ilisikika chumba kizima: "Mtaalamu wetu, umeamkaje?"

"Mtaalamu!" Bwana Zamu anasema, mpaka leo neno linamwasha. "Mimi miaka ishirini na miwili sijaitwa mtaalamu hata kwa kukosea. Tena yule bwana, kila asubuhi, ameamkaje, ameamkaje. Kwani ameambiwa mke wangu huwa haamki?"

Aliuliza mara moja, akijifanya anafunga kamba za viatu. "Huyo anayekupigia, hana mke?"

"Anaye, na watoto wawili."

"Basi ampigie mkewe amuulize ameamkaje."

Mke alicheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni. Kicheko kile, anasema mume, ndicho kilichomuumiza zaidi. Kidonda kikichekwa hakiponi.

Kisha Mama Ramani akaalikwa kwenye semina, akarudi na mkoba na kofia mpya yenye nembo ya mamlaka. Mumewe hajapewa kofia mpya kwa miaka tisa. Mke aliingia akiwa amechoka, akaitundika kofia yake kwenye msumari ule mmoja wa ukutani, juu ya ile kuukuu ya mumewe. Hakuwa na nia mbaya, msumari ulikuwa mmoja. Lakini Bwana Zamu alikaa kitandani akiutazama ukuta, na usemi mmoja ukimzunguka kichwani: kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu siku hiyo akaanza kuondoka bila kuchukua chupa ya chai anayofungiwa. Akiulizwa habari za kazi alijibu "nzuri," basi. Alikuwa ameufunga mdomo wake, mizunguko yote.

Sasa kuna valvu ya kumi na saba, iliyo nyuma ya ukuta wa zahanati.

Valvu nyingine zote arobaini za mitaa ile hufungwa kwa kuzungushwa kulia, kama kizibo cha chupa. Ya kumi na saba peke yake hufungwa kushoto. Iliwekwa zamani na mkandarasi mwingine, kabla Bwana Zamu hajaajiriwa, na yule fundi mkongwe alimwonyesha kwa mkono wake mwenyewe. "Hii ni mkaidi," alimwambia. "Ukiizungusha kama wenzake, badala ya kufunga unafungua."

Mezani Bwana Zamu alitaja mahali pake na mizunguko yake, lakini upande wa kufungia hakuutaja kamwe. Huo ulikuwa katika ile nusu yake.

Mke alipoiandika, aliandika vipimo sawasawa, mizunguko kumi na minne sawasawa, na penye upande wa kufungia akaandika kama zilivyo nyingine zote: kulia.

Jioni moja, mke akiwa jikoni, mume alichukua simu iliyoachwa juu ya meza ya kukatia. Akapitisha kidole kwenye ramani. Akafika ya kumi na saba. Akaona.

"Nilikuwa na neno moja tu la kusema," anasema, na sauti yake inashuka. "Kushoto. Neno moja. Alikuwa pale, naisikia sufuria yake. Nikasema moyoni: mwache aanguke kidogo. Si sana. Kidogo tu, wajue nani ni nani. Nikairudisha simu pale pale ilipokuwa."

Alinyamaza siku kumi na moja. Anasema usiku alijaribu kusali, na sala ilikuwa ikiishia njiani. Mtu anaweza kumficha mke, lakini aliyemuumba mke hafichiki.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, lori la mawe lilikanyaga barabara iliyolegea karibu na zahanati, na bomba chini yake likapasuka. Bwana Zamu alikuwa mtaa wa mwisho, kilomita nne kwa baiskeli. Mafundi wawili wa ofisini, mwanamke na mwanamume, ndio waliokuwa karibu. Walifungua ramani, wakapima toka kona ya ukuta, wakachimba, na kifuniko wakakikuta palepale ramani ilipotaja. Walifurahi. Wakaingiza chuma, wakazungusha kulia kama walivyoelekezwa.

Valvu siku ile ilikuwa imefunguliwa nusu. Kila mzunguko waliouongeza uliifungua zaidi. Walipofika mwisho isizunguke tena, waliamini wameifunga, na maji yalikuwa yanaruka juu kuliko ukuta.

Yaliingia zahanati kwa mlango wa nyuma, yakaingia wodi ya wazazi. Wauguzi walibeba watoto wachanga wanne mikononi, wakawapandisha juu ya meza za ofisi. Mama mmoja aliyejifungua alfajiri ile alitoka akishikiliwa, maji yakimfika vifundoni. Namshukuru Mungu, hakuna aliyedhurika. Magodoro sita na maboksi ya pamba na bandeji yaliharibika.

Mama Ramani alifika mbio, kipande cha sare bado kimebanwa na pini begani mwake.

"Mama, umeandika kulia!" fundi wa kike alimwambia, nguo zimemlowa zote.

"Kulia ndiyo. Zote ni kulia."

"Tumezungusha mpaka mwisho! Tazama mwenyewe!"

Watu walikuwa wamejaa. Mmoja akasema kwa sauti, "Ramani ya kushonwa kwa sindano hiyo!" Mwingine akadakia, "Cherehani na maji wapi na wapi?" Mke wa Bwana Zamu alisimama ndani ya maji akirudia: zote ni kulia, zote ni kulia.

Ndipo mumewe akatokea. Aliitupa baiskeli, akapenya, akashika chuma, akazungusha kushoto. Mizunguko yote kumi na minne, ikiwemo ile waliyoiongeza wenzake. Hakuhesabu, aliisikiliza tu. Maji yakapungua, yakashuka, yakakatika.

Watu walipiga makofi. Walimbeba. "Bwana Zamu! Mtu na kazi yake!" Kinyozi alikuwepo, na ndiye aliyepiga kelele kuliko wote: "Simu haina mikono! Kesho njoo ukae kitini moja kwa moja!"

Kila alichokuwa amekililia miezi ile alikipata dakika ile moja, kimejaa mpaka kinamwagika.

"Nikamtafuta mke wangu kwa macho," anasema. "Hakuwa akipiga makofi. Ananitazama mikono."

Mke anaeleza mwenyewe. "Nimemwona akifungua valvu miaka mingi. Asiyoikumbuka huijaribu kwanza, kushoto, kulia, anasikiliza. Ile hakuijaribu. Alikwenda kushoto moja kwa moja, kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Nikajua."

Nyumbani hakupiga kelele. Alikaa kwenye cherehani bila kukanyaga.

"Ulijua inafungwa kushoto."

"Nilijua."

"Na ulijua nimeandika kulia."

Mume akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Tangu lini, mume wangu?"

"Tangu ulipoiandika."

"Siku kumi na moja." Akahesabu kwa vidole, yeye na vipimo vyake. "Siku kumi na moja umekula chakula changu, umelala kitanda changu, unanitazama naelekea shimoni. Ungenipiga kofi ingekuwa nafuu, kofi ningeliona linakuja."

Hakuongeza. Aliitoa kofia yake mpya kwenye msumari, akaikunja, akaitia kabatini chini ya vitambaa. Mume anasema ameshuhudia mabomba mengi yakipasuka, lakini hajapata kusikia kishindo kama cha mlango ule wa kabati ukifungwa taratibu.

Jumatatu mhandisi alipiga simu. Safari hii hakuuliza ameamkaje. Alisema mkuu wa ofisi amekasirika na anataka ramani irudishwe kabatini, ifungwe, wananchi waondolewe. Uamuzi ungetolewa Ijumaa. Kosa lilikuwa limewekewa alama nyekundu kwenye ramani, na pembeni yake jina la Mama Ramani, mitaa yote inaliona. Palikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya kosa. Nafasi ile ilikuwa tupu.

"Mwambie ulikosea tu," Bwana Zamu alimshauri mkewe. "Kukosea ni ubinadamu."

"Wa kwangu ndio ubinadamu," mke akajibu. "Wa kwako tuuiteje?"

Siku tatu aliendesha baiskeli na swali hilo. Kila kona walimsimamisha wakimsifu, na kila sifa ilimchoma. Mlangoni kwa zahanati alimkuta yule mama aliyejifungua, mtoto mgongoni, akija kupima uzito. Mama akampa mkono. "Mungu akuzidishie, baba. Usingekuwa wewe!"

"Nisingekuwa mimi," anasema Bwana Zamu, "angelala kitandani pake pakavu."

Alhamisi asubuhi, kabla ya kazi, alimwomba mkewe simu. Mke akampa bila kumtazama. Akamwomba amwonyeshe namna ya kuingiza jina lake. Akamwonyesha. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja, akaandika kwa kidole kimoja, kwa muda ambao mke alimaliza kushona sketi mbili. Maneno yale yapo mpaka leo, atakaye ayasome:

"Valvu 17 inafungwa KUSHOTO. Mizunguko 14. Aliyeandika kulia hakuambiwa. Mimi nilijua, nikaona kosa, nikanyamaza siku 11. Sababu: wivu."

Chini yake jina lake kamili na namba yake ya kazi. Huo ndio ulikuwa mchango wake wa kwanza kwenye ramani ya umma.

Mhandisi anasimulia kwamba aliyasoma mara tatu, kisha akaenda kumsomea mkuu wa ofisi. "Mkuu akaniuliza, 'Huyu ni mfanyakazi wetu?' Nikasema ndiyo. Akasema, 'Kabati lisingetuambia hili.'"

Ramani haikufungwa. Bwana Zamu alipewa barua ya onyo, na anaiona ni ya haki. Lakini mfumo ulibadilishwa. Yule mwanafunzi wa chuo, baada ya kusoma maneno ya Bwana Zamu, aliandika maelekezo mapya, wajuzi wengine wakayapitia, ofisi ikayakubali: sasa upande wa kufungia haupati alama ya kijani mpaka watu wawili wafike mahali penyewe na kuuzungusha kwa mkono. Na kwa kuwa mfumo ni wa wazi, mji mwingine wa mbali unaoutumia ulipata mabadiliko hayo siku hiyo hiyo. Walipokwenda kujaribu za kwao, walikuta valvu sita zinazofungwa kushoto ambazo hakuna aliyezijua. Walituma salamu kwa "mzee wa kushoto."

Mtaani hawakumsamehe wote. Waliombeba ndio walioanza kumsema. Kinyozi alimwambia, "Kaa, foleni ni watu wanne." Akakaa. Zamu yake ilipofika, kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akamwinamia sikioni: "Na mimi nina ndugu yangu amefungua saluni. Nimekuelewa." Akamnyoa.

Mke alichukua majuma mawili kuitoa kofia kabatini. Alipoitoa alikuta mume amegongomea msumari wa pili ukutani. Alivuta futi, akapima. Ulikuwa juu ya ule wa zamani kwa sentimita mbili, na kofia kuukuu ndiyo iliyotundikwa pale.

"Sikusema kitu," anasema mke. "Homa haipoi kwa siku moja."

Ndiyo maana asubuhi hii wako wawili barabarani. Zilikuwa zimebaki valvu kumi na tatu ambazo mume peke yake ndiye aliyezijua. Wameshaandika saba. Mke anapima, mume anasikiliza na kuzungusha, na kabla alama ya kijani haijatokea lazima mke naye ashike chuma, azungushe kwa mkono wake. Anapofanya hivyo mume husimama kando akimkosoa mpaka anachoka.

"Hata ukimaliza zote hunifikii," mke anamwambia wakisukuma baiskeli kuelekea ya nane.

"Nitaanza kusahihisha zako."

"Sahihisha. Bora useme."

Simu inalia. Ni mhandisi. Bwana Zamu anatazama mbali, kama mtu anayesoma kibao kisichoandikwa kitu, na sikio lake limeelekea kwenye simu. Mke anamjibu mhandisi kwa kifupi, anakata, kisha anamwambia mumewe bila kuulizwa: "Amekusalimu. Anauliza mtaalamu wa kushoto ameamkaje."

"Mwambie nimeamka," mume anasema, na kwa mbali anatabasamu.

Amebakiza miezi kumi na minne kustaafu. Mpango wake ni kuandika tano kati ya sita zilizobaki kabla ya mvua. Ya sita ameomba iachwe. Ni ya arobaini na moja, bomba lake lilikufa zamani, haina maji wala madhara, na ndiyo ya kwanza aliyoonyeshwa na yule fundi mkongwe siku aliyoanza kazi. Ataiandika mwenyewe asubuhi ya siku yake ya mwisho kazini, kisha aitundike kofia. "Moja tu," anasema. "Moja niwe ninayo peke yangu mpaka siku ile."

Alipotangulia na baiskeli, mke alibaki nyuma akiikunja futi yake.

"Hiyo ya arobaini na moja naijua," alisema kwa sauti ya chini. "Mita sita na sentimita arobaini toka nguzo ya lango la soko. Niliipima mwaka jana, kabla ya haya yote. Nikaona nisiiandike. Ni yake."

Nikamuuliza kama nayo niiache nje ya gazeti. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshafika, amepiga magoti, ameanza kukwangua udongo.

"Iandike," akasema. "Na yeye ajue kuna anayejua akanyamaza kwa jambo jema."